Redio Iliyofunguliwa Mno: Hotuba kwa Wana Redio ya Ridhaa kuhusu Kelele na Uchovu wa Masikio

Wazee wetu mlioanza na redio za valvu, shikamooni. Mafundi, na ninyi vijana mnaojiandaa kwa leseni ya kwanza ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana hewani kwa kupenda na si kwa biashara, hamjambo.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Kwa mlango ni kweli. Mwenye nyumba ameuzoea, na hakuna kitu anachokitafuta ndani ya mlio wake. Anayesikiliza bendi ya mita 40, yaani masafa ya karibu megahezi 7, saa tatu usiku hana nafasi hiyo. Sauti anayoitaka imo ndani ya kelele yenyewe, kwa hiyo ubongo wake hauwezi kuipuuza. Unaichambua saa nzima, saa mbili, bila kupumzika. Akivua hedifoni kichwa kizito, masikio yanavuma, na alama za vituo, yaani herufi na tarakimu zinazotambulisha kila kituo, alizoandika mwishoni mwa daftari zina makosa ambayo mwanzoni hakuyafanya.

Wengi wakifikia hapo husema redio ni mbovu, au bendi ni mbaya, au wanahitaji mashine mpya yenye kompyuta ndani. Nimesimama kuwaambia kwamba redio nyingi zinazochosha si mbovu hata kidogo. Zimefunguliwa mno. Zinakuza kuliko inavyohitajika, zinapitisha masafa mapana kuliko sauti ya mtu, na zinamwaga yote hayo kwenye hedifoni zilizotengenezwa kwa muziki. Kazi yetu ni kufunga, na kujua tufunge wapi.

Kabla ya kufunga chochote, tujue kelele inatoka wapi, na hilo halihitaji kipimo. Vaa hedifoni, zungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho wa kushoto. Ukisikia shhh imebaki palepale, hiyo haikutoka angani. Imezaliwa baada ya kitufe cha sauti, yaani kwenye amplifaya ya mwisho, na hutaiondoa kwa kuhangaika na antena. Ukisikia mvumo mzito, mmm, huo ni umeme wa nyumba: wa hezi 50 kama waya wa sauti unaokota kutoka kwenye transfoma au kuna mzunguko kwenye nyaya za ethi, wa hezi 100 kama kapasita kubwa ya pawasaplai imekauka.

Sasa rudisha sauti mahali pake, tafuta masafa matupu, chomoa antena. Kwenye megahezi 7 kelele inatakiwa ianguke, na ianguke sana, kama mtu aliyefunga dirisha linalotazama barabara. Ikianguka hivyo, kipokezi chako kina uwezo wa kutosha na zaidi. Kelele uliyokuwa ukiisikia ni ya nje.

Halafu rudisha antena, weka kichujio chembamba kuliko vyote, cha hezi 500 kama unacho. Kelele inayopita humo inapaswa kuwa ya mviringo, kama upepo unaopuliza mdomo wa chupa. Ukisikia juu yake kuna mchirizo mwembamba, kama mafuta yanayokaanga, huo umeingia baada ya kichujio. Kichujio chako kinafanya kazi, lakini hatua zilizo nyuma yake zinaongeza kelele yake zenyewe, pana, bila kizuizi. Redio nyingi za kujenga nyumbani na nyingi za zamani zina ugonjwa huu, na mwenye nayo huishi miaka akidhani ni bendi.

Kelele ya nje tuielewe kwa tarakimu, yaani kwa desibeli, kipimo ambacho kila 10 ni nguvu mara kumi, maana hapa ndipo watu wanapoogopa kufunga. Mwaka 1928 John Johnson wa Bell Labs, maabara za utafiti wa simu huko Marekani, alichapisha vipimo vya kelele inayozaliwa na joto ndani ya kila rezista, na Harry Nyquist akachapisha nadharia yake. Kelele hiyo haikwepeki. Ndani ya kichujio cha kilohezi 2.4, kwa joto la kawaida, ni desibeli 140 chini ya milliwati moja. Hiyo ndiyo sakafu. Miaka michache baadaye, kwenye maabara hizohizo huko Holmdel, New Jersey, Karl Jansky alikuwa akichunguza kelele za radi kwenye megahezi 20.5, akakuta shhh nyingine inayozunguka na nyota. Mwaka 1933 alichapisha kwamba inatoka upande wa Njia ya Maziwa. Kwa hiyo hata mtu aliye porini, bila nguzo ya umeme karibu, hatasikia ukimya. Mbingu zenyewe zina sauti.

Lakini wengi wetu hatuko porini. Pendekezo la ITU, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, nambari P.372 linatoa makadirio ya kelele za vyombo vya binadamu: katika eneo la makazi, kwenye megahezi 7, ni takriban desibeli 49 juu ya ile sakafu ya joto. Toa 49 kwenye 140, unabaki na desibeli 91 chini ya milliwati moja, ambayo kwenye mita ya redio iliyopangwa vizuri, ile yenye ngazi za S za kupima nguvu ya mawimbi, ni S6. Kijijini inashuka kidogo tu, karibu S5. Na hapo hatujaongeza radi za masika.

Sasa linganisheni. Tuseme kipokezi ni cha kawaida, chenye kelele yake ya ndani ya desibeli 15 juu ya sakafu. Kelele ya nje ni 49. Tofauti ni desibeli 34. Ukiweka kipunguzaji cha desibeli 20 kwenye antena, kelele ya ndani inahesabika kuwa 35, bado 14 chini ya ile ya nje. Maana yake kituo dhaifu ulichokuwa ukikisikia bila kipunguzaji bado utakisikia nacho. Umepunguza kelele na kituo kwa kiasi kilekile, uwiano wao umebaki karibu ulivyokuwa, na redio sasa haifanyi kazi ya bure. Kwenye megahezi 28 hesabu inageuka. Huko kelele ya nje ya makazi ni kama desibeli 32 tu, kwa hiyo kipunguzaji cha 20 kitazika vituo. Kanuni ni rahisi: megahezi 10 kwenda chini, funga bila woga. Ukipanda juu, fungua kidogo kidogo, huku ukifanya lile jaribio la kuchomoa antena. Alimradi kelele inaongezeka waziwazi antena inaporudi, umefungua vya kutosha.

Redio za dukani zina kitufe cha kipunguzaji, kilichoandikwa ATT. Aliyejenga mwenyewe anahitaji rezista tatu: ya ohm 68 katikati ya njia, na mbili za ohm 100, moja kila upande, kwenda ethi. Hiyo ni karibu desibeli 10, na ziwe za robo wati. Onyo moja: kama chombo ni cha kutuma na kupokea, rezista hizo zikae upande wa kupokea tu, nyuma ya rilei, ile swichi inayobadilisha kati ya kutuma na kupokea. Ukituma wati 100 kupitia rezista za robo wati, zitaungua kabla hujamaliza kutaja alama yako, na kinachofuata kinaweza kuwa transista za mwisho.

Kipunguzaji kina faida nyingine ambayo huonekana usiku. Katika Kanda ya 1, tuliyomo sisi wa Afrika, bendi yetu ya mita 40 inaishia megahezi 7.200, na hapohapo vituo vya utangazaji vinaanza, mpaka 7.450. Jua likizama vinakuja kwa nguvu kubwa. Vinapochanganyika ndani ya hatua ya kwanza ya kipokezi, vinazaa vizuka, yaani sauti na mivumo ambayo haimo hewani kabisa. Vizuka vya daraja la tatu vina tabia nzuri: ukipunguza mawimbi yanayoingia kwa desibeli 10, vyenyewe vinashuka 30. Kwa hiyo ukibonyeza ATT saa mbili usiku na kelele ikaanguka kuliko vituo unavyovisikiliza, ujue kelele hiyo ilikuwa inapikwa ndani ya redio yako.

Tuje kwenye AGC, udhibiti wa ukuzaji unaojiendesha, maana kwa maoni yangu hapa ndipo sehemu kubwa ya uchovu inapotoka, na kuirekebisha hakuna gharama. Kazi ya AGC ni kushusha ukuzaji mtu anapoongea na kuupandisha anaponyamaza. Msemaji akivuta pumzi, redio inafunguka, kelele inapanda, shhhh, mpaka neno linalofuata. Akiachia kabisa, inafunguka mpaka mwisho. Sikio linapigwa na wimbi la kelele kila baada ya sentensi, na wimbi hilo linafikia ukubwa uleule wa sauti ya mtu. Mnaona? Redio inajitahidi kuifanya kelele na mazungumzo viwe sawa.

Dawa ni kitufe cha RF, yaani cha ukuzaji wa mawimbi ya redio kabla hayajawa sauti. Tafuta masafa matupu, acha sauti ilivyo, kisha rudisha kitufe cha RF kushoto polepole mpaka kelele iwe ya mbali, unaisikia tu ukiitafuta. Sindano ya mita itapanda na kukaa juu. Usishtuke, haijapokea kitu. Inaonyesha ukuzaji uliouzuia kwa mkono. Sasa nenda kwenye kituo. Msemaji akiongea, sindano inapaswa kuruka kidogo kupita pale ilipokaa. Kama hairuki kabisa, umefunga kupita kiasi kwa kituo hicho, rudisha kidogo. Kama sauti ni ndogo, ongeza kitufe cha sauti, wala si cha RF. Ukisikia pengo kati ya maneno limekuwa giza badala ya kuwa dhoruba, umefika. Kosa la kawaida ni kusahau: mtu anafunga RF jioni, asubuhi anawasha redio na kusema bendi imekufa. Sindano iliyokaa juu bila kituo ndiyo kumbukumbu yako.

Mwendo wa AGC nao uchaguliwe. Kwa mazungumzo ya SSB, namna ya kutuma sauti kwa ukanda mmoja tu wa mawimbi, mwendo wa polepole huzuia kelele kupanda kati ya neno na neno. Lakini masika yakifika, na radi zinapasuka kila dakika kutoka ziwa Victoria mpaka pwani, mwendo wa polepole unageuka adui: pasuko moja la radi linaifunga redio kwa sekunde mbili au tatu, na unapoteza nusu ya alama ya kituo. Wakati huo tumia mwendo wa kati au wa haraka huku RF imerudishwa vizuri. Kwa Morse, haraka.

Sasa sikio lenyewe. Sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya kilohezi 2 na 5, kwa sababu tundu la sikio lenyewe linavuma kwenye masafa hayo. Sauti ya mazungumzo kwenye SSB inaishia karibu kilohezi 2.7. Kila kinachopita juu ya hapo ni kelele tupu, na inaangukia hasa pale sikio linapoumia. Ukipima kwa nguvu, kutoka kilohezi 3.0 kwenda 2.4 unapunguza kelele kwa desibeli moja tu, na mtu wa hesabu atasema haina maana. Lakini sikio halipimi hivyo. Ile desibeli moja ilikuwa imekaa kwenye ncha ya sindano. Na kama redio yako ina ule mchirizo wa baada ya kichujio, unaofika kilohezi 10 na kupita, ukiukata unahisi kama mtu amekuondolea mchanga masikioni.

Kisanduku kilichopo mezani hapa kinafanya kazi hiyo bila umeme. Ndani yake mna koili moja ya millihenri 0.68 na kapasita moja ya mikrofaradi 4.7, basi. Vyote viwili ni vitu vya krosova za spika, na mafundi wa spika wanavyo kwenye makopo yao. Koili inakaa kwenye njia, kati ya redio na spika. Kapasita inakaa sambamba na spika, upande wa spika. Kwa spika ya ohm 8, kichujio hiki kinaanza kukata karibu na hezi 2,800, na juu ya hapo kinashuka desibeli 12 kila masafa yanapokuwa maradufu. Kwa spika ya ohm 4, koili iwe nusu, millihenri 0.33, na kapasita iwe mikrofaradi 10.

Yanayoharibika ni haya. Kapasita lazima iwe ile isiyo na chanya wala hasi. Ukiweka ya kawaida ya elektroliti, itavimba siku moja na kukuachia sauti ya kukwaruza. Koili iwe ya waya mnene, milimita 0.7 hivi, ikiwezekana isiyo na chuma ndani. Koili ndogo za feraiti zinazotoka kwenye bodi za chaja zinashiba mkondo unapopanda, na sauti inapasuka kwenye vilele. Ukiweka kapasita upande wa redio badala ya upande wa spika, kichujio kinapoteza nusu ya kazi yake na amplifaya inaona mzigo mbaya. La hatari zaidi: usiwashe redio huku kichujio kimeunganishwa na spika imechomolewa. Koili na kapasita zikibaki peke yake huvuma pamoja karibu na hezi 2,800, na kwa masafa hayo amplifaya inaona kama nyaya zimegusana. Na kama baada ya kuunganisha unasikia sauti imekuwa kali kidogo kabla ya kukatika, hiyo ni koili ya ndani ya spika inayoongeza ohm kadiri masafa yanavyopanda. Weka rezista ya ohm 10 na kapasita nyingine ya mikrofaradi 4.7 zikifuatana, kisha ziunganishe sambamba na spika. Itatulia.

Ukikata juu, kata na chini. Watu husahau hili, halafu wanalalamika kuwa sauti imekuwa ya ndani ya mtungi. Sauti nzito ya chini ya hezi 300 haisaidii kuelewa neno, ila inafunika herufi laini kama s, sh na f, ambazo nguvu yake iko juu ya kilohezi 2. Ndiyo sababu hewani tunasema Sierra na Foxtrot badala ya kutaja herufi tupu. Kwa anayejenga, kukata chini ni kubadilisha kapasita moja: ile inayoingiza sauti kwenye kitufe cha kilo-ohm 10. Mahali pa mikrofaradi 1 weka nanofaradi 47, na kila kilicho chini ya hezi 340 hivi kinaanza kushuka.

Wajenzi, tubaki kidogo. Vipokezi vingi vya nyumbani vinaishia na LM386, chipu ndogo ya kukuza sauti, na saketi nyingi za mitandaoni zinaweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini ya 1 na ya 8. Kapasita hiyo inapandisha ukuzaji kutoka mara 20 mpaka mara 200, na kelele ya chipu inapanda nayo. Itoeni. Ukuzaji uliopotea uletwe mbele zaidi na chipu tulivu, NE5532, na hapohapo mjenge kichujio: rezista mbili za kilo-ohm 8.2 zikifuatana kuelekea kwenye ingizo la chanya, nanofaradi 4.7 kutoka ingizo hilo kwenda ethi, nanofaradi 10 kutoka tokeo kurudi kwenye kiungo cha rezista mbili. Ingizo la hasi liunganishwe moja kwa moja na tokeo. Kinakata karibu na hezi 2,800. Nusu ya pili ya chipu ndiyo ikuze. Kwa betri ya volti 12, ipeni nusu ya volti kwa rezista mbili za kilo-ohm 10 na kapasita ya mikrofaradi 47 kwenda ethi. Bila kapasita hiyo kila kelele ya pawasaplai itaingia kwenye sauti.

Kwenye LM386 yenyewe, pini ya 7 ipate mikrofaradi 10 kwenda ethi, na pini ya 5 ipate rezista ya ohm 10 na nanofaradi 47 zikifuatana kwenda ethi. Msiziache eti sauti inatoka hata bila hizo. Bila ile ya pini ya 5 chipu inaweza kutetema kwenye masafa usiyoyasikia, ikapata joto na kutoa sauti chafu. Kisha, kati ya pini ya 1 na ya 5, wekeni rezista ya kilo-ohm 10 na kapasita ya nanofaradi 3.3 zikifuatana. Ukuzaji utaanza kushuka kuanzia karibu kilohezi 2, ukifika mbali unakuwa umepungua kwa desibeli 8. Karatasi ya mtengenezaji inaonyesha mpango kama huo wenye nanofaradi 33, lakini huo ni wa kuongeza besi. Kwetu unashusha maneno pamoja na kelele. Na rezista isiwe chini ya kilo-ohm 10 maadamu pini ya 8 iko wazi, la sivyo chipu inapoteza utulivu.

Hedifoni. Za muziki zinafika kilohezi 20 na zina usikivu mkubwa. Zikichomekwa kwenye tundu lililokusudiwa spika ya ohm 8, zinaonyesha kila shhh ya amplifaya ya mwisho, ile ya jaribio letu la kwanza. Si lazima ununue nyingine. Kutoka redio weka rezista ya ohm 47 ya nusu wati. Baada yake, dayodi mbili za 1N4148 zikitazamana kinyume, kutoka njia ya sauti kwenda ethi. Kisha rezista ya ohm 100 kwa kila sikio. Kwa hedifoni za ohm 32 hiyo inashusha kelele ya amplifaya kwa karibu desibeli 17, na wewe unapandisha kitufe cha sauti kufidia, kwa hiyo maneno yanabaki na shhh inashuka. Dayodi ni walinzi. Radi ikipasuka, au jirani mwenye antena kubwa akiwasha ghafla, zinakata kwenye volti 0.6 hivi. Kwa hedifoni zenye desibeli 100 kwa milliwati, sikio haliwezi kupata zaidi ya takriban desibeli 100, na ni kwa kitambo kifupi. Angalia kwanza mchoro wa redio yako: baadhi ya amplifaya, hasa zinazotokana na redio za magari, hazina upande wowote wa spika ulio kwenye ethi. Hizo ukizifungia dayodi kwenda ethi utaziua.

Kuhusu ukubwa wa sauti, Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Wengi wetu hatuna kipimo, lakini penseli tunayo. Ukianza kusikiliza, weka alama kwenye paneli pale kitufe cha sauti kilipo. Baada ya saa moja tazama. Kama mkono umekipandisha bila wewe kukumbuka, na bendi haikubadilika, sikio limechoka. Kufidia kwa sauti zaidi ndiko kunakolimaliza. Vua hedifoni kwa dakika kumi, rudi kwenye alama ya kwanza.

Bado hatujagusa kelele inayozaliwa nyumbani kwako mwenyewe, na huko kuna faida kubwa kuliko kote. Weka redio kwenye betri ya volti 12. Sikiliza megahezi 7, andika mita inasoma nini. Zima swichi kuu ya nyumba. Mita ikishuka kutoka S7 mpaka S4, hizo tatu ni zako, si za jirani. Kila S ni desibeli 6, kwa hiyo umepata 18 bure. Washa saketi moja moja, kisha ndani ya saketi chomoa plagi moja moja, mpaka umpate mkosaji. Mara nyingi ni chaja ya bei ya chini ambayo koili za kuzuia kelele hazikuwekwa kabisa, au balbu ya LED, au kidhibiti cha sola. Kidhibiti cha sola kina alama yake: kelele inakuja jua likipanda, inakoma likizama. Kelele ya kugugumiza yenye hezi 100 ndani yake, inayoisha mvua ikinyesha au inayoanza ikinyesha, tafuta kikombe kibovu, yaani kihami cha waya, kwenye nguzo ya umeme, na hiyo ni ya kuripoti. Usiguse mwenyewe.

Chaja mbaya itupwe. Usichoweza kutupa, kifunge kwa feraiti. Na hapa watu wanapoteza pesa: kile kipande cha kubana juu ya waya mara moja hakifanyi karibu chochote kwenye megahezi 7. Uzuiaji unakua kwa mraba wa mizunguko. Chukua pete kubwa ya aina ya 31, ile ya inchi 2.4, zungusha waya mara 12, na mizunguko hiyo inahesabika kama pete 144 zilizovalishwa waya mara moja. Fanya hivyo karibu kabisa na chombo kinachotoa kelele, kisha fanya vilevile kwenye kebo ya antena pale inapoingia nyumbani, maana ganda la nje la kebo nalo ni antena inayookota kelele za ndani na kuzipeleka juu.

Vitufe vya dijitali vina nafasi yake, lakini vije mwisho. NR, ya kupunguza kelele, ikae kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. Ukiipandisha, msemaji anaanza kuongea kutoka chini ya maji, na ubongo unachoka kwa namna nyingine, kwa kujaza silabi zilizoliwa. NB, kizima-kelele, ni ya michirizo mifupi, kama ya plagi za bodaboda zinazopita. Kwa radi haifai, na kituo chenye nguvu kikiwa jirani inaharibu sauti yote. Notchi ya kujiendesha, inayokata mlio mmoja tu, ni nzuri kwa filimbi juu ya mazungumzo, ila izime ukiingia kwenye Morse, kwani itaifuta Morse yenyewe ikidhani ni filimbi. Wa Morse mnaweza pia kushusha mlio wenu kutoka hezi 800 mpaka 500 hivi. Sikio lina kichujio chake cha asili, chenye upana wa kama hezi 100 kwenye masafa hayo, na mlio wa chini unasikilizika kwa muda mrefu bila kuchoma.

Redio iliyo mezani iko kwenye mita 40, na sasa ni saa moja na nusu, wakati ambao bendi imejaa. Swichi ya kisanduku ikiwa juu, sauti inapita moja kwa moja. Ikiwa chini, inapita kwenye koili. Nitaanza na juu, RF wazi kabisa, ATT imezimwa, kama wengi wetu tunavyosikiliza kila siku. Nitaacha hivyo dakika tatu kamili. Kisha nitashusha swichi, nitabonyeza ATT, nitarudisha RF, kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine mtaniambia mnasikia nini.